Mkuu, usitume hiyo hela: mbegu ya karanga iliyobanguliwa ni kamari

Simama hapo hapo. Umeuliza mengi: upande Pendo au Mnanje, hizo aina mbili za karanga, kwenye ekari tano za Kongwa, Dodoma, nafasi ya kupanda, mbolea, soko. Yote nimeyasoma, ila macho yangu yamekwama kwenye ule mstari ulioupitisha juu juu, kwamba kuna jamaa ana "Pendo safi, imeshabanguliwa, bei poa, natuma nusu ya hela kesho". Mkuu! Nami nilipigwa kwa maneno hayo hayo, labda hata na mtu huyo huyo.

Karanga ikishatoka kwenye ganda huwezi kujua ni nini umeuziwa. Punje za kahawia isiyokoza zinaweza kuwa Pendo, zinaweza kuwa masalia ya mnadani ya msimu wa juzi. Mimi niliziona zinang'aa nikasema hii ndiyo mbegu. Kumbe zilibanguliwa kwa mashine: nyingine zimepasuka nusu, nyingine ngozi imechubuka, na punje iliyochubuka ukiifukia unawalisha ukungu na mchwa tu. Shamba likaota mabaka mabaka. Karanga zilizosimama mbalimbali ndizo vidukari wanazopenda, na vidukari ndio wanaoleta rozeti, ule ugonjwa wa majani kudumaa na kujikunja kama shada. Pendo haistahimili rozeti, kinga yake ni kupanda mapema na kubananisha. Sasa utabananisha nini wakati nusu haikuota?

Hiyo ilikuwa rasharasha. Balaa lilikuja mwezi wa tatu. Zile zilizoota zilikuwa aina mbili au zaidi: nyingine zimesimama wima, nyingine zinatambaa. Nang'oa shina la wima, nafungua ganda, ndani kuta zimeshakuwa na madoa ya kahawia, maana yake zimekomaa. Nang'oa la kutambaa pembeni yake, ganda jeupe, punje laini kama jino la mtoto. Nikampigia muuzaji. Kwa sauti ya mtaalamu kabisa akaniambia, "Boss, subiri, zikomae zote pamoja." Nikasubiri. Mvua ya Aprili ikanyesha.

Pendo hukomaa kwa siku 90 hadi 100, na aina hizi fupi za kusimama hazina usingizi: zikikomaa zikapata unyevu, zinaota humo humo ardhini. Nilikuwa nang'oa shina, natazama ganda limepasuka na kichipukizi cheupe kimechungulia nje. Vishikizo, vile vinavyoshika karanga kwenye mmea, navyo vimeoza, ukivuta mmea unakuja mtupu, karanga zimebaki chini. Nikalipa vibarua wachimbue kwa jembe kama viazi. Zilizopatikana nyingi hazikufaa kuuza, maana karanga iliyopasuka ndiyo mlango wa sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Nikampigia tena bwana yule. "Boss, hiyo itakuwa ardhi yako." Ardhi yangu! Bwana shamba naye, aliyeniapia kwamba anamfahamu muuzaji, akawa hapokei simu.

Msinicheke. Mwingereza naye alikuja hapo hapo Kongwa mwaka 1947 na matrekta yake kulima karanga, mwaka 1951 akafunga virago, pauni zaidi ya milioni 35 zimekwenda na maji. Yeye hela ilikuwa ya serikali. Yangu ilikuwa ya kikoba cha mama watoto, na kikoba hakisamehi.

Kwa hiyo, mkuu: nunua mbegu ikiwa kwenye maganda. Ukikataliwa, ondoka. Tafuta yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, au kikundi cha wakulima wanaozalisha mbegu za daraja la kuazimiwa, yaani zinazozalishwa na wakulima wenyewe chini ya ukaguzi, au waulize TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara, hao ndio wenye karanga zao. Mwaga maganda kwenye turubai uyatazame: ukiona madogo ya punje mbili yamechanganyika na makubwa ya aina nyingine, rudisha. Ekari moja inataka kama kilo 40 za punje, na ganda linakula karibu theluthi ya uzito, kwa hiyo piga hesabu ya kilo 60 zenye maganda. Bangueni kwa mkono, nyumbani, wiki moja tu kabla ya kupanda. Chota punje 100 sehemu mbalimbali, zifunge kwenye kitambaa kibichi, na baada ya wiki uhesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 80, usipeleke shambani.

Pendo au Mnanje? Kwa mvua za huko chukua Pendo, Mnanje inakaa shambani muda mrefu zaidi. Nafasi ni sentimita 50 kwa 10. Lakini hata hiyo Pendo ije na ganda lake!

Mpigie huyo jamaa leo, mwambie unataka zenye maganda. Kisha uje hapa utuambie amejibu nini, na kama amekuita "boss" nitajua ni yeye.