Cheti Ni cha Mtambo Gani?

Msomaji ameuliza: akikodi winchi ya mnyororo na lifti ya mkasi (kikapu cha kuinulia watu, chenye miguu inayokunjuka kama mkasi), na vyote vimekuja na vyeti, kuna haja gani ya kuvikagua tena? Swali halali, hasa lori likiwa getini na mafundi wamekaa wanasubiri. Lakini cheti kinasema kifaa kilikuwaje siku kilipochunguzwa, basi. Tangu siku hiyo kimeshashikwa na watu wengi ambao kesho yake kinaondoka mikononi mwao, na kitu cha kuondoka kesho hakionewi huruma.

Anza na namba. Iliyogongwa kwenye chuma ifanane na ya kwenye cheti, tarakimu kwa tarakimu. Stoo huwa na winchi kadhaa zinazofanana kama mapacha, na karatasi huchanganyika wakati wa kupakia. Kisha tarehe. Kanuni za Uingereza za mwaka 1998, kwa kawaida, zinataka vifaa vya kunyanyua watu na vile vya kufungia mzigo vichunguzwe na mtaalamu kila miezi 6, na vingine kila miezi 12. Shakeli (pingu za chuma za kuunganishia mzigo) na mikanda ya kunyanyulia vimo kwenye hiyo miezi 6, na ndivyo husahaulika. Mkanda ambao lebo yake haisomeki urudishe, hata kama unang'aa.

Mnyororo huliwa pale pete zinapogusana, tena kwa ndani, ambako grisi imeficha. Futa grisi, legeza mnyororo, pima unene kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili. Chuma cha milimita 10 kilichobaki 9 kimekwisha kazi. Wapo watengenezaji wanaokikataa hata kabla ya hapo, na kitabu chao ndicho cha kufuata. Kulabu iliyopanuka mdomo au kujipinda iliwahi kubebeshwa kupita kiasi. Usikubali irudishwe kwa nyundo na moto: umbo litarudi, nguvu ya chuma hairudi. Kile kilimi cha kuzuia mzigo usichomoke kifunge chenyewe kwa springi, siyo kwa waya uliozungushwa na mtu.

Breki ya winchi haionekani, kwa hiyo ijaribu. Nyanyua mzigo sentimita 10 tu kutoka chini, piga alama ya chaki kwenye mnyororo, subiri dakika chache. Alama ikishuka, winchi irudi. Mara nyingi chanzo ni sahani za breki zilizolika, au mtu mwenye nia njema aliyemimina mafuta ndani. Breki nyingi za winchi za mkono hushika kwa msuguano mkavu. Mnyororo unahitaji mafuta, breki haiyataki.

Lifti ya mkasi ijaribiwe kwanza kutoka chini, kikapu kikiwa kitupu. Panda, shuka, bonyeza kitufe chekundu katikati ya mwendo uone kama inasimama papo hapo. Halafu jaribu kuishusha kwa njia ya dharura. Mtu wa chini ndiye anayepaswa kujua ilipo valvu ya kuishusha hivyo, maana wa juu akizimia hataielekeza. Kengele ya kuonya kwamba lifti imeinama ikiwa imekatwa waya, acha kila kitu. Uvujaji wa mafuta ya haidroli tafuta kwa kipande cha kadibodi, kamwe usipapase kwa kiganja: mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi, na kitundu kinachoonekana kidogo kinahitaji hospitali mara moja.

Ngazi na majukwaa sitayasemea sana. Magurudumu yafungwe, kingo ziwe kamili, na jukwaa lisisukumwe mtu akiwa juu.

Kuna jambo moja ambalo ukaguzi hauliponyi, nalo ni pembe ya mikanda. Mzigo wa kilo 1,000 kwenye mikanda miwili iliyosimama nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi huvuta kila mmoja karibu kilo 577. Ilaze hadi nyuzi 30, kila mkanda unavutwa kilo 1,000. Mkanda mzuri kabisa hukatika hivyo, kisha anasingiziwa mwenye stoo.

Hati ya mapokezi isainiwe baada ya haya yote. Kasoro iandikwe humo humo, ipigwe picha ikiwa bado juu ya lori, na kifaa chenyewe kifungwe kitambulisho chekundu kikae mbali na vingine. Kikiachwa pembeni bila alama, baada ya chakula cha mchana utakikuta kazini.