Vazi la korongo taji

SWALI: Ijumaa ijayo ofisini kwetu kila mtu atakuja na vazi la kuigiza. Nina shilingi 15,000 na sina cherehani. Nishauri.
Msomaji, Kampala

JIBU: Jigeuze korongo taji, yule ndege wa kwenye bendera ya Uganda. Shati la kijivu tafuta mitumba ya soko la Owino. Kazi yenyewe ni taji.

Kata ukanda wa boksi, upana sentimita 5, urefu wa mzunguko wa kichwa ukiongeza 3 za kupishanisha. Mifereji ya ndani ya boksi isimame wima. Ikilala, ukanda hukunjika vibaya na njiti hazina pa kuingia.

Chemsha njiti 40 za ufagio, za sentimita 15, kwa dakika 20 katika nusu lita ya maji yenye vijiko 2 vya manjano. Zikauke kabisa, maana manjano mabichi hayatoki kwenye kola. Chovya ncha kwenye gundi, chomeka moja moja. Ndani bandika kitambaa; boksi hulainika kwa jasho.

Mashavu ni karatasi nyeupe, kidevuni kitambaa chekundu. Mabawa ya shuka achana nayo, yatanaswa na magurudumu ya kiti. Na kama unapanda boda, taji livae ukishafika: helmeti kwanza.