Mwanangu, Nakshi ya Bizimu Huanzia kwenye Jiwe la Kunolea

Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Umenishika miguu katika barua yako, nami nakuitikia marahaba. Sisi hapa ni wazima, mama yako anakusalimu, na mshipi uliomletea mjomba wako aliuvaa Ijumaa na hadi leo hajaacha kuwaonyesha watu barazani.

Unaniambia kwamba umekuwa ukishona mishipi na pochi huko Nairobi kwa ngozi unayoichagua mwenyewe sokoni Kariokor, unachora maua na matawi juu yake kwa kisu chako, kisha unaumaliza mshipi kwa bizimu la kiwandani linalofanana na la kila mtu, na jambo hilo limeanza kukuudhi. Unataka bizimu nalo libebe nakshi ya mkono wako, na unaniuliza uanzie wapi, na kama ununue ile mashine ya upepo inayosukuma kalamu, yaani kile chombo cha kukatia nakshi kwenye madini, kwa mapigo ya kompresa.

Mashine usiinunue sasa. Si kwamba ni mbaya. Mafundi wengi wa leo wanaitumia, na kwa chuma kigumu huokoa mkono. Lakini mashine ile inachukua kazi ya kusukuma tu, na kusukuma si sehemu inayomshinda mwanafunzi. Kinachomshinda ni kunoa, na ukiwa na kalamu butu mashine itakuharibia kazi kwa kasi zaidi kuliko kiganja chako.

Nianze na kile ulicho nacho tayari. Jicho lako limezoea kupanga tawi ndani ya nafasi, unajua kwamba uti wa tawi huchorwa kwanza na majani baadaye, na hayo hakuna atakayekufundisha upya. Lakini mkono wako una mazoea mawili ambayo madini hayatayakubali. La kwanza ni kwamba kisu chako cha ngozi unakivuta kukielekea kifua, na kwenye kona unakizungusha kati ya vidole huku ngozi imetulia mezani; kalamu ya madini husukumwa kwenda mbele, mkono hukaa karibu palepale, na kazi yenyewe ndiyo huzungushwa kwa mkono wa kushoto ili ikutane na ncha. La pili ni kwamba ngozi uliyoilowesha unaipasua kisha unaibonyeza, na hakuna kinachotoka. Madini huondolewa, kijiuzi hujikunja mbele ya ncha na kuanguka, na kilichoanguka hakirudi. Kosa la ngozi unaweza kulisugua kwa kijiko likafifia. Mimi niliwahi kuteleza kwenye kikuku cha bibi harusi, kalamu ikaruka ikaacha mstari mahali ambapo hapakuwa na kitu, nikalazimika kuugeuza mstari ule kuwa jani, kisha nikachora jani hilohilo kwenye kikuku cha pili ili vifanane. Bibi harusi alilisifu sana jani lile, na mimi sikusema neno.

Sasa kalamu. Ni kijiti cha chuma kigumu, kinene kidogo kuliko njiti ya kiberiti, kilichotiwa kwenye mpini mfupi wa mti wenye umbo la uyoga unaokaa ndani ya kiganja. Unaweza kuinunua, lakini kwa kujifunza inatosha kutengeneza kutoka kwenye kekee iliyovunjika au kisu kilichochakaa cha mashine ya kukerezea, ambavyo mafundi wa gereji watakupa kwa bei ya chai. Ukitumia kipande cha tupa kuukuu pia kitafaa, ila ukikisaga kwenye mashine kichovye majini kila mara, kwa sababu ncha ikishageuka rangi ya samawati ugumu wake umeondoka, na itakubidi uisage hadi uipite sehemu ile.

Ncha ina sehemu mbili ambazo inafaa uzijue kama unavyojua sehemu za kiatu. Uso ni ule mkato wa mbele, na unolewe kwa nyuzi 45. Kisigino ni vile vibapa viwili vidogo vya chini vinavyokutana kwenye ncha na kuinyanyua kalamu ili vidole vyako visiburure kwenye kazi. Vinolewe kwa nyuzi 15 hadi 20, na viwe vifupi sana, pungufu ya nusu milimita. Kisigino kikiwa kirefu utakigundua siku utakapojaribu duara, kwani kitachubua ukingo wa nje wa mkato nawe utadhani mkono wako ndio mbovu. Vibapa hivyo viwili vikutane kwa pembe ya nyuzi 120 kwa kuanzia. Ncha ya nyuzi 90 hukata mstari mwembamba wenye kina na ni nzuri kwa kivuli, lakini ile ya 120 ni imara zaidi na ukiilaza kidogo upande mmoja mstari hupanuka upesi, ukapata unene na wembamba kama wa kalamu ya hati za Kiarabu.

Noa kwenye bao la almasi la namba 600, halafu 1200, kisha ung'arishe kisigino hadi kiwe kama kioo, kwa sababu mng'ao wa kisigino ndio unaohamia ndani ya mkato. Na hapa ndipo ninapotarajia utakosea. Wewe umezoea kumalizia kisu chako kwenye kipande cha ngozi kilichopakwa ile dawa ya kijani ya kung'arishia, na kisu kinatoka kikali ajabu. Ukiifanyia kalamu vivyo hivyo, ngozi itabonyea chini ya ncha, na ukingo ambao ulitakiwa kuwa kona kali utaviringika kidogo, kiasi ambacho jicho halikioni. Kalamu hiyo itateleza juu ya shaba kama kidole juu ya sabuni. Ing'arishe juu ya kitu kigumu na tambarare, bao la seramiki lenye unga laini wa almasi, na ile ngozi yako uibakizie visu.

Kujua kama imekuwa kali, iweke ncha juu ya ukucha wa kidole gumba, imelala, bila kuikandamiza. Ikinata pale ilipo, iko tayari. Ikiteleza, irudishe kwenye jiwe. Babu yako alikuwa akiichukua kalamu yangu, akiigusisha kwenye ukucha wake na kunirudishia bila kusema lolote, na mimi nilikuwa nikirudi kwenye jiwe. Vilevile itazame ncha chini ya taa: ukiona nukta nyeupe inayomeremeta, hiyo nukta ndiyo ubutu wenyewe, kwa kuwa kona iliyo kali haina eneo la kurudisha mwanga.

Ukishafika hapo, tafuta bati la shaba nyekundu lenye unene wa milimita moja au moja na nusu, ulisugue kwa msasa wa namba 600 lipoteze mng'ao, maana juu ya kioo huwezi kuona mstari wa penseli. Libandike juu ya kipande cha mbao kwa lakiri iliyoyeyushwa, na mbao uibane kwenye jiriwa au uiegemeze juu ya mfuko mdogo wa ngozi uliojazwa mchanga, ambao wewe utaushona kwa nusu saa, ili kazi izunguke kwa urahisi. Chora mistari iliyonyooka, milimita moja kati ya mmoja na mwingine, bati zima. Ukiuinua mkono ncha huzama, ukiushusha ncha huruka nje, na kati ya hayo mawili kuna kimo ambacho kiganja kitakikariri chenyewe. Kidole gumba cha kushoto kiwe breki kando ya kalamu, na mkono huo wa kushoto usikae hata mara moja kwenye njia ya ncha. Miwani ni lazima, ya kukuza na ya kukinga kwa pamoja. Baada ya mistari ndipo pinde, kisha duara. Ukishaweza duara lisilo na kona, shaba ya manjano haitakutisha.

Kuhusu bizimu lenyewe, mengi yanayouzwa si shaba bali ni zinki iliyopakwa rangi ya shaba, na ganda lake hubanduka vipande mara ncha inapoligusa. Chukua sumaku: likinata, ni chuma. Lisiponata, bado hujajua kitu, kwa hiyo likwangue kwa tupa upande wa nyuma, pale pasipoonekana. Rangi ya manjano ikiendelea hadi ndani ni shaba, na ukikuta weupe wa kijivu, lirudishe kwa muuzaji. Chagua pia lenye uso bapa kwa kuanzia, kwa sababu kwenye uso uliobinuka mkono unapaswa kupanda na kushuka pamoja na mbinuko.

Jambo ambalo watu wa madini hawatakuambia, kwa kuwa haliwahusu, ni hili: usichore madini juu ya meza unayoloweshea ngozi. Ngozi yako imetengenezwa kwa magome ya miwati, na chembe ya chuma ikitua juu yake ikiwa imelowa huacha doa la weusi wa wino lisilosafishika. Unga wa tupa na wa jiwe la kunolea ndio hatari zaidi. Shaba nayo ina yake, kwani ikikaa na ngozi iliyojaa mafuta huota kutu ya kijani kwenye maungio, hasa ndani ya mikato. Kwa hiyo nyuma ya bizimu acha patupu na laini, pasiwe na nakshi.

Nakshi ya kwanza isiwe ua. Weka ukingo tu, ule mnyororo unaozunguka fremu za milango ya Lamu na Unguja, kwa kuwa umeundwa kwa mikato mifupi, na mkato mmoja ukipinda mwenzake unaufuta machoni. Ukimaliza, paka rangi nyeusi ya mafuta, ifute juu kwa kitambaa ili ibaki ndani ya mistari. Siku ukifanya fedha, weka kiini cha yai lililochemshwa na bizimu ndani ya chombo kilichofunikwa, asubuhi utalikuta jeusi, nawe utang'arisha uso peke yake. Fanya yote hayo kabla bizimu halijashonwa kwenye mshipi.

Usidhani kwamba unavunja mpaka wa kazi. Jambia la Oman, ambalo ufundi wake uliingizwa katika orodha ya turathi ya UNESCO mwaka 2022, lina ala ya mbao iliyovikwa ngozi na fedha, na mshipi wake hudariziwa kwa nyuzi za fedha, kwa hiyo fundi wa ngozi na sonara wamekuwa wakikutana kwenye kiuno kimoja tangu zamani. Babu yako alitengeneza mapambo ya namna hiyo kwa fedha ya reale za Maria Theresa, zile sarafu zenye mwaka 1780 hata zikiwa zimepigwa karne nyingine, kila moja gramu 28 na fedha sehemu 833 katika elfu.

Nakutumia kwa basi la Jumamosi kalamu mbili za babu yako na kipande cha bati la shaba. Moja nimeinoa, nyingine nimeiacha butu kwa makusudi. Ukija Idi, njoo na hilo bati na kalamu ya pili; kalamu nitaigusisha kwenye ukucha kwanza, kisha ndipo nitatazama mistari.

Ni mimi baba yako