Muulize Anko: Kocha wa raga aliyekuwa polisi

SWALI: Shkamoo anko. Mi jioni nafundisha madogo mpira hapa Mbagala, mchana nalinda geti. Juzi kibanda umiza tunasubiri mechi wakaweka raga, kuna kocha mzee hivi anaitwa Bennett, jamaa pembeni yangu akasema zamani alikuwa polisi. Kweli? Maana mi nina 36 na sijawahi kubeba hata kombe la mbuzi, nimeshachelewa au?
Mlinzi, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ni kweli, Wayne Bennett alikuwa polisi Queensland, Australia. Na hiyo sio raga ya Wakenya wale wa saba saba, hiyo ni raga ligi, watu 13 kila upande, mnaangushwa mara sita mpira unaenda kwa wenzenu.

Sasa sikia, huyu mzee kazaliwa 1950. Brisbane Broncos inaanza 1988 yeye ndo kocha wake wa kwanza, na ubingwa haukuja mpaka 1992, hapo ana miaka 42. Misimu minne mikavu! Bongo hapa angeshapandishwa ndege kitambo, tena mashabiki wanamsindikiza eapoti. Kule wakamwacha afanye kazi, akakaa hadi 2008 akawapa mataji sita, 1992, 1993, 1997 (mwaka huo ligi ilikuwa imegawanyika mbili, wabishi wanalibishia), 1998, 2000 na 2006. La saba kachukua 2010 na St George Illawarra, na ndo lilikuwa la kwanza kwao tangu timu mbili ziungane.

Kufungwa nako kafungwa sana tu. Fainali ya Kombe la Dunia 2017 yuko na Uingereza, wakalala 6-0, tena kwa Australia, kwao! Ila 2008 alikuwa msaidizi New Zealand wakawachapa haohao Australia 34-20 fainali, sijui mtaani kwao alipitaje. 2021 na South Sydney kakosa ubingwa kwa pointi mbili, 14-12. Ungedhani anarudi nyumbani kulea wajukuu, wapi, 2023 ana miaka 73 kaenda kuanza na Dolphins, timu mpya kabisa kwenye ligi.

Kwahiyo 36 hujachelewa, ila hebu niambie, hao madogo umekaa nao misimu mingapi, au kila mwaka unahama timu? Ulizia kozi ya leseni D ya TFF, bosi akubadilishie zamu uingie usiku. Na huyo mbuzi akipatikana, paja langu usilisahau.