Vuli yangu huanza Juni

Ndugu mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: majira yanapogeuka, ni desturi gani huiachi, na inakusaidia nini katika kazi yako? Nililisoma nikiwa nimesimama, kipimajoto mkononi, nta inayeyuka jikoni, nikacheka peke yangu. Wengine majira huwajia na sherehe. Mimi hunijia na oda.

Natengeneza mishumaa na sabuni. Biashara ni ndogo: mimi, meza mbili, mizani, na dada yangu mkubwa anayekuja kufunga vifurushi kazi ikinizidi. Ninapoishi kuna majira manne, na ya kupukutika majani ndiyo yanayonilisha. Nitayaita vuli kwa kuwa ndivyo yanavyoandikwa, ingawa najua wengi wenu mkisikia vuli mnasikia mvua ikigonga bati. Hapa nasema ile miezi ya Septemba mpaka Novemba, upande wa kaskazini wa dunia, mti unapovua nguo.

Mteja akinikuta Oktoba nyuma ya meza yangu hunionea wivu. "Raha iliyoje, kushinda na harufu hizi!" Namshukuru, maana ni mteja. Ila mimi vuli nimeanza kuinusa tangu Juni, na jani la kwanza likianguka huwa sitaki hata kusikia neno mdalasini.

Kwa nini Juni? Kwa sababu mshumaa wa kwenye glasi haupimwi kwa macho. Kila upana wa glasi una unene wake wa utambi, na ukibadilisha manukato tu, utambi uliofaa jana unaweza kukataa leo. Ukiwa mwembamba mno unachimba shimo katikati na kuzama kwenye nta yake wenyewe. Ukiwa mnene mno unatoa masizi na kuipasha glasi moto kupita kiasi. Basi nauacha uwake kwa muda wa saa 4, nazima, naacha upoe kabisa, kesho nawasha tena. Mshumaa wa kuwaka saa 40 unanila siku 10. Ukiharibika siku ya 9, naanza upya na utambi mwingine. Ukifaulu, namimina, halafu nta ya soya inataka kama wiki 2 za kutulia ndipo harufu ikolee. Ongeza na glasi zinazochelewa njiani. Kwa hiyo Julai na Agosti, watu wamevaa kandambili na kutafuta kivuli, mimi nimefungua madirisha yote napika harufu ya baridi.

Na harufu inayotafutwa kuliko zote, eti ni ya boga. Mwanangu alinusa glasi moja akaniuliza, "Mama, boga lenyewe liko wapi humu?" Halimo. Boga halina harufu ya kumgeuza mtu shingo. Kinachouzwa kwa jina la boga ni mdalasini, karafuu, kungumanga na tangawizi, yaani viungo vya kulipikia, pamoja na vanila kidogo. Mwaka mmoja niliamua kusema kweli kwenye lebo: "Viungo vinne." Ilikaa mezani mpaka ikanionea huruma. Nikabandika lebo ya boga juu yake, ikaisha ndani ya siku mbili. Sikukosa usingizi kwa hilo, lakini sijalisahau.

Sabuni ndiyo iliyonitia adabu. Natengeneza ile isiyochemshwa: mafuta, maji na kostiki soda, basi. Kila mafuta yana hesabu yake. Gramu 1,000 za mafuta ya zeituni zinataka karibu gramu 135 za soda. Za mafuta ya nazi, karibu 183. Mimi hupunguza soda kwa asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki kwa ajili ya ngozi. Soda ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda, maana hufoka na kurukia uso. Hayo yote niliyajua. Nisilolijua ni kwamba viungo vya vuli na sabuni havipatani.

Vuli yangu ya kwanza nilichanganya kilo 6, nikaongeza mafuta ya karafuu na ya mdalasini kwa furaha ya mtu aliyekwisha kuona faida kichwani. Mafuta hayo huharakisha sabuni kushika. Uji uliokuwa mwepesi kama wa mgonjwa ukawa saruji kabla sijageuka kuchukua kalibu. Mwiko ulisimama wenyewe katikati ya ndoo. Niliukwangua ule mzigo kwa kisu, nikaushindilia kwa ngumi zenye glavu, nikapata matofali yenye mashimo ambayo tulifulia matambara mwaka mzima. Safari ya pili nikakimbilia vanila. Vanila haigandishi, inabadilisha rangi. Sabuni niliyoipiga picha Jumatatu ikiwa nyeupe, wiki iliyofuata ilikuwa kama kahawa iliyotiwa maziwa, na watu walishaagiza nyeupe. Niliwaandikia mmoja mmoja. Wengi walipokea ya kahawia, wawili walitaka pesa zao, nikarudisha.

Siku hizi sigombani na viungo. Karafuu na mdalasini, ambavyo ngozi nyingi hazivipendi hata hivyo, naviachia mishumaa. Sabuni naipa harufu za miti, mwerezi na msandali, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hiyo si vuli.

Sasa nijibu swali. Desturi ya kwanza ni ya tarehe 31 Oktoba. Siku hiyo ndiyo ya mwisho kumimina sabuni. Jioni naosha ndoo na miiko, nakausha, nafunga kwa kamba na kutundika kwenye msumari nyuma ya mlango, juu kabisa, mahali ambapo siwezi kufika bila ngazi. Mkinicheka mna haki, ila naijua tamaa yangu. Sabuni mpya hudanganya macho: siku 2 au 3 baada ya kumiminwa inakatika vizuri, inang'aa, ungeapa iko tayari. Kumbe bado imejaa maji, na inataka wiki 4 mpaka 6 kwenye rafu yenye hewa ndipo iwe ngumu na itoe povu la maana. Wiki 6 kutoka 31 Oktoba ni tarehe 12 Desemba. Baada ya hapo zawadi ya nani tena? Mwaka mmoja oda zilinilevya nikaendelea kumimina hadi katikati ya Novemba. Mteja wangu wa siku nyingi alirudi na kipande kilicholainika kama ugali wa jana, akakiweka mezani, akaniangalia, akaondoka. Angenitukana ningepona upesi.

Ya pili ni ya majani, na hii ndiyo pekee ninayoifanya bila kuwaza pesa, ingawa nayo huishia kwenye pesa. Natoka na mwanangu kuokota. Nilimweleza kwamba manjano ya jani haiji na vuli. Ilikuwamo tangu mwanzo, imefunikwa na kijani, na kijani kikivunjika ndipo inapoonekana. Nyekundu ndiyo hutengenezwa upya mwishoni. Hakuvutiwa. Alichotaka ni jani kubwa kuliko langu. Tunayalaza kati ya karatasi, chini ya vitabu vizito, wiki moja au mbili, kisha nayagundisha kwenye karatasi ya kufungia. Kila vuli kuna anayetaka jani liwe ndani ya mshumaa wenyewe, maana ameona picha. Nakataa. Jani kavu karibu na utambi ni utambi wa pili, na linaweza kushika moto ukiwa umelala. Hapo huwa sibembelezi mteja.

Halafu kuna mwanga. Tarehe 22 au 23 Septemba mchana na usiku hukaribia kulingana, na kuanzia hapo mchana unakatwa kila siku. Picha za bidhaa nazipiga dirishani, basi zote lazima ziishe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na mawingu yakiamua, hakuna picha.

Kuhusu masaa nitasema kidogo tu. Oktoba moja niliandika kila saa niliyofanya kazi kwa wiki nzima. Zilikuwa 51. Za kumimina nta na sabuni, kazi ambayo watu hudhani ndiyo kazi yangu, zilikuwa 17. Zilizobaki zilikwenda kwenye lebo, barua, masanduku, hesabu, foleni ya kutuma mizigo, na kuwajibu watu wanaouliza kama kuna punguzo. Ukipanga bei kwa zile 17, unawafanyia watu kazi bure zile 34. Mimi nilifanya hivyo miaka 2.

Huwa najiliwaza na mzee Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa wa karne ya 19. Ndiye aliyefumbua mafuta yameundwaje na sabuni hutokeaje, na mwaka 1825 yeye na mkemia mwenzake Gay-Lussac walipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mishumaa ya stearini, ile sehemu ngumu ya mafuta. Biashara haikuwanyokea, walioipatia faida ni wengine waliokuja baadaye. Alijua mafuta kuliko mtu yeyote wa wakati wake, lakini kuuza mshumaa kulimshinda. Aliishi miaka 102, kwa hiyo nadhani hakulitia jambo hilo sana moyoni.

Desturi ya tatu ilizaliwa na hasara. Usiku wa kwanza wa baridi kali, mwaka wangu wa tatu, nilimimina mishumaa 60 kwenye chumba kisicho na moto. Nta ya soya haipendi glasi baridi. Asubuhi niliikuta imebanduka kando ikaacha madoa kama ya maji, na juu imefanya chembechembe nyeupe kama ukungu. Inawaka vizuri tu, lakini nani ataitoa zawadi? Tangu hapo glasi nazipasha kidogo kabla ya kumimina. Ile 60 nilikwisha kuipanga kuiyeyusha tena, dada akanikataza. "Mwenye duka la mishumaa anakaa na taa ya umeme," alisema, "hata huoni haya?"

Ikawa hivyo. Kila mwaka, siku ile mchana na usiku vinapolingana, tunautoa mshumaa wenye kasoro kutoka kila mkupuo ulioharibika tangu Juni. Saa 1 jioni nazima taa zote. Tunauita usiku wa vilema. Kuna wenye mashimo, wenye utambi uliopinda, wenye lebo iliyobandikwa kichwa chini, na mmoja kila mwaka ambao manukato yake hayakubali kutoka hata ukiutia pua ndani. Kila mmoja nautajia kosa lake nikiuwasha, na dada anaandika kwenye daftari. Daftari hilo ndilo linaloniambia Juni inayofuata nianzie wapi, maana mwezi wa Juni mimi huwa nimeshasahau kila kitu isipokuwa mauzo. Kwa hiyo, ndugu mhariri, hiyo ndiyo faida yake, kama ulitaka faida.

Mwaka huu walikuwa 14. Mwanangu aliruhusiwa kuwasha watatu. Tulipofika wa mwisho, wa mwerezi, kwenye glasi fupi, dada alishika kalamu akauliza, "Na huu una nini?" Niliugeuza, nikautazama chini, nikaunusa, nikaupitisha kidole pembeni. Sikuona kitu. Labda niliuweka kwenye sanduku lile siku ambayo nilikuwa nimechoka. Dada aliacha mstari mtupu kwenye daftari, na mwanangu akauwasha.