Kabla ya kununua tumbaku ya kiko, uliza ilikaushwaje

Nimekulia Namtumbo, mkoani Ruvuma, katika nyumba ambayo nguo na hata madaftari yetu ya shule yalinuka moshi wa bani, yaani kibanda cha kukaushia tumbaku. Babu alilima tumbaku ya moshi. Majani hutundikwa juu kwenye fito, magogo yanafuka chini yake siku kadhaa, mpaka jani linageuka kahawia iliyokolea.

Nilipoanza kuvuta kiko nikiwa mtu mzima, nilichagua mkebe kwa jina la nchi. Nilipoteza fedha nyingi hivyo. Mbegu zote asili yake ni Amerika. Linalotofautisha ladha, kwa sehemu kubwa, ni jinsi jani lilivyokaushwa.

Virginia ni tumbaku ya mvuke, ndugu wa ile ya Urambo na Tabora. Joto hupita ndani ya mabomba, moshi haugusi jani, na sukari yake inabaki. Inasimuliwa kwamba njia ya kuipata rangi ile ya dhahabu iligunduliwa North Carolina mwaka 1839 na mtumwa aliyeitwa Stephen, moto ulipokaribia kuzima akautia mkaa. Ni tamu, ila ukiivuta kwa pupa inaunguza ulimi. Vuta taratibu, acha kiko kipoe.

Burley, ambayo majirani zetu wa Malawi wanailima sana, hukaushwa kwa hewa tu, kivulini, wiki kadhaa. Sukari karibu yote huisha, na jani hunyonya kila linachotiwa. Ukikuta mkebe unanukia vanila au chokoleti, mara nyingi ndani mna Burley.

Sasa Latakia, nayo ni tumbaku ya moshi. Siku mzee mmoja aliponifungulia mkebe wake nilinyamaza kabisa, kwa sababu nilisikia harufu ya bani la babu, japo hii ina manukato ya vichaka vya kwao. Jina ni la bandari ya Syria, lakini siku hizi inatoka Kupro. Wengi huichanganya na Virginia pamoja na majani madogo ya Uturuki na Ugiriki, kama Samsun na Xanthi. Usianze na mchanganyiko. Tafuta kidogo cha kila jani peke yake, livute wiki nzima, ndipo utajua unachokipenda.

Kama hujawahi kuvuta, nakusihi usianze. Nikotini ya kiko inanasa kama ya sigara, na saratani ya mdomo inawapata wavuta kiko pia. Nawaandikia ambao tayari wanavuta.

Na jambo la kuhifadhi: tumbaku ya moshi iwe na chupa yake, yenye mfuniko unaokaza. Niliwahi kuweka Latakia kidogo katika chupa ya Virginia, nikaitoa siku ya pili. Miezi minne baadaye ile Virginia ilikuwa bado inanuka bani.