Sentimita 25 kutoka kwenye honi

Mimi ni mfupi. Viatu vya kisigino vikivuliwa, nabaki futi tano na kidogo. Kwa hiyo kwa miaka minane niliendesha gari siti ikiwa imesogezwa mbele mpaka mwisho wa reli yake, kifua kikikaribia kubonyeza honi, shingo imenyooka kama twiga ili nione boneti inaishia wapi. Mkono wa kulia ulikaa juu kabisa ya usukani, pale kwenye saa sita, na wa kushoto kwenye gia hata kama gari ni otomatiki. Wapo wanawake wengi wanaoendesha hivyo, nawaona kila siku kwenye foleni ya Mwenge. Na wanaume wafupi pia, ila wao hawakubali.

Mwaka 2021 tulikuwa tunawahi msiba Morogoro, mimi na mdogo wangu wa kiume. Alfajiri, karibu na Kibaha, pikapu iliyojaza magunia ya mkaa ikachomoka barabara ya pembeni bila kuangalia. Nilikanyaga breki, lakini nikaikuta. Sikumbuki mlio wa vyuma. Nakumbuka mlio mmoja mkavu kama wa risasi, kisha vumbi jeupe ndani ya gari na harufu ya baruti, na mdogo wangu akipiga kelele, "Moto! Dada shuka, moto!"

Hapakuwa na moto. Ule unga ni wa kulainisha eabegi, yaani mfuko wa hewa unaofumuka mbele yako gari likigonga, ili ukunjuke bila kunata, na ile harufu ni ya kemikali iliyolipuka kutengeneza gesi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu hutaharuki wakaruka katikati ya barabara wakidhani gari linaungua. Zima injini, tazama kama kuna gari linakuja, ndipo ushuke.

Nilitoka na mshono wa nyuzi tano kwenye nyusi. Hazikutokana na pikapu. Zilitokana na saa yangu mwenyewe ya mkononi. Eabegi ilipofumuka ilikuta mkono wangu umelala juu ya usukani, ikaurusha usoni kwangu pamoja na saa yake ya chuma. Kidevu kilibabuka, mikono kwa ndani ikachubuka kama niliyeunguzwa na pasi, na begani mpaka kiunoni nilibaki na alama ya zambarau ya mkanda kwa wiki tatu. Daktari aliyenishona aliniuliza swali moja tu: "Ulikuwa umekaa umbali gani?" Nikamwonyesha kwa viganja. Akatikisa kichwa, akaendelea kushona.

Mdogo wangu je? Juu ya dashibodi upande wake nilikuwa na boksi la tishu la mbao, zuri, lenye nakshi. Lilikaa sawasawa juu ya kile kifuniko chenye maandishi SRS AIRBAG. Kifuniko kilipofunguka, boksi lilikwenda kwenye kioo, likarudi, likampata kwenye paji la uso. Mpaka leo akiniona na tishu ananikumbusha.

Baada ya hapo nilianza kusoma, na kuwasumbua mafundi. Nilichogundua ni kwamba gari langu lilifanya kazi yake vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeiharibu kabla ya safari kuanza.

Mambo huenda hivi. Gari likigonga kwa mbele kwa nguvu ya kutosha, sawa na kuparamia ukuta ukiwa kwenye kilomita 20 hivi kwa saa au zaidi, vitambuzi hupeleka taarifa kwenye kompyuta ndogo iliyofichwa katikati ya gari. Hiyo huamua ndani ya sehemu chache za sekunde, na mfuko wa mbele unakuwa umejaa kwa kiasi cha sekunde 0.03 mpaka 0.05. Kupepesa jicho huchukua muda mrefu zaidi ya huo. Ili kuwahi namna hiyo, kitambaa kinatoka kwa kasi inayoweza kufika kilomita 300 kwa saa. Halafu kwa nyuma mfuko una matundu: ukishajaa tu unaanza kupumua, ili wewe unapouangukia uzame ndani yake taratibu badala ya kudunda.

Sasa fikiria watu wawili. Aliyekaa mbali na kufunga mkanda anaufikia mfuko ukiwa umeshajaa na umeanza kupumua: anaangukia godoro. Aliyeusogelea, au asiye na mkanda na ambaye breki zimeshamtupa mbele, anaukuta bado unatoka. Huyo anakula ngumi. Mfuko ni uleule, gari ni lilelile.

Wataalamu wa usalama barabarani wa Marekani wanapendekeza angalau sentimita 25 kati ya katikati ya usukani na mfupa wa kifua. Rula ya mtoto wa shule ni sentimita 30, kwa hiyo huna kisingizio. Nilichukua ya mwanangu, nikapima: nilikuwa nakaa kwenye sentimita 14.

Kwetu wafupi dawa si kurudisha siti nyuma kisha pedali uzifikie kwa ncha za vidole. Anza na makalio: yasukume mpaka mwisho wa siti, usikae kwenye ukingo. Kama siti ina wenzo wa kuipandisha, ipandishe badala ya kuisogeza mbele. Utaona boneti bila kunyoosha shingo. Rudisha siti hatua moja moja mpaka pale ambapo ukikanyaga breki mpaka chini goti bado limekunjika kidogo. Kisha simamisha mgongo wa siti kiasi ukaribie mikono, na shusha usukani uangalie kifua, usiangalie uso. Mimi kwa njia hiyo nimefika 27. Siku mbili za kwanza nilihisi naendesha gari la mtu. Siku ya tatu nilizoea.

Mikono ishike pembeni, saa tatu na saa tisa, vidole gumba vikiwa kwenye ukingo. Usigeuze usukani kwa kuukatisha mkono katikati, juu ya honi. Na saa ya chuma, basi tena, siku hizi navaa ya mpira.

Kuhusu mkanda nitakuwa mkali kidogo. Zile herufi tatu, SRS, maana yake ni mfumo wa ziada. Wa ziada kwa kitu gani? Kwa mkanda. Mkanda tunaoutumia, wa pointi tatu, ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959, na kampuni ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Shirika la Afya Duniani linasema unapunguza hatari ya kifo kwa wa siti za mbele kwa asilimia 45 hadi 50. Halafu sisi tunanunua kile kichuma cha kuchomeka ili gari lisipige kelele. Au tunaupitisha mkanda juu ya tumbo tukiona trafiki, bila kuuchomeka, kama mtoto anayejifanya amelala. Dada zangu, najua unakwaruza shingo na kukunja kitenge, lakini ukiupitisha chini ya kwapa, siku ya siku utabana mbavu na maini badala ya mfupa wa bega. Shusha ile pointi ya juu kwenye nguzo ya mlango kama inashuka. Mjamzito autandaze ule wa chini kabisa chini ya tumbo, juu ya nyonga, na wa juu upite kati ya matiti. Na abiria anayelaza siti asinzie safari nzima ya Mbeya, ajue kwamba akilala hivyo anaweza kuchomoka chini ya mkanda kama samaki kwenye wavu uliolegea.

Kuweka miguu juu ya dashibodi sitaki hata kueleza. Fikiria kile kifuniko kikifunguka kwa kasi niliyosema, magoti yako yakiwa njiani.

Watoto. Hapa ndipo ninapogombana na ndugu. Kumpakata mtoto siti ya mbele kwetu ni upendo, mama anaona amemkumbatia. Hesabu yake ni mbaya: gari la kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla kwa kugonga, mtoto wa kilo kumi anavuta kwa nguvu inayopita uzito wa gunia la mahindi. Hakuna mikono inayoshika gunia. Na mbele yake kuna eabegi, nyuma yake kuna mama. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi. Mfuko unapiga mgongo wa kiti, palepale kichwa cha mtoto kilipo. Yapo magari yenye swichi ya kuzima eabegi ya abiria, lakini vigari vyetu vingi vya Kijapani havina. Mtoto akae nyuma mpaka afikishe miaka 13 hivi, kwenye kiti chake akiwa mdogo, na kwa mkanda akishakua kiasi cha mkanda kupita begani bila kumkata shingo. Kiti cha mtumba ni sawa kama unamjua aliyekitumia. Kilichokwisha kupata ajali ni cha kutupa.

Na mkubwa anayekaa nyuma naye afunge. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walichapisha hesabu kwamba aliyefunga mkanda mbele hatari yake ya kufa inakaribia mara tano kama wa nyuma yake hajafunga, kwa sababu yule wa nyuma anakuja kumbana na siti. Kwa hiyo ukimwambia shemeji yako afunge, humfundishi ustaarabu. Unajihami.

Nirudi kwenye gereji, maana huko ndiko nilikokasirika zaidi. Baada ya ajali fundi bodi alininyooshea gari likapendeza. Kuhusu eabegi akaniambia, "Dada, hizo tunazikunja ndani, tunagundisha kifuniko, hutajua. Na ile taa ya dashibodi nakuzimia kwa elfu ishirini tu." Alikuwa na maana ya kuweka kizuizi kidogo cha umeme kwenye soketi ya njano ili kompyuta idanganyike kwamba mfuko upo. Hakuwa ananitapeli, alidhani ananisaidia. Nilimuuliza, "Na siku nikigonga tena?" Akacheka: "Mungu apishe mbali."

Eabegi hufumuka mara moja tu. Ikishatoka, inabadilishwa ile moja nzima, na mara nyingi pamoja na kompyuta yake na mikanda, kwa sababu mikanda mingi ina kilipuzi kidogo cha kuivuta ikaze, nacho ni cha mara moja. Ilinigharimu karibu mishahara miwili, na fundi umeme mwingine. Huyo wa pili nilimwamini kwa jambo dogo: alichomoa betri, akaagiza chai, akasubiri kabla ya kugusa waya wowote wa njano. Toyota wenyewe wanataka angalau sekunde 90, ili umeme uliobaki kwenye mfumo uishe. Fundi anayevamia nyaya za njano betri ikiwa imechomekwa, chukua ufunguo wako uondoke.

Ukinunua gari mkononi mwa mtu, fanya hivi kabla hujasifia rangi. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya SRS iwake, ikae sekunde sita hivi, izime. Isipozima, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, hiyo ni mbaya zaidi, mtu ametoa taa. Ikizima sambamba na taa nyingine, kwa mfano ya chaji, inawezekana wameziunganisha. Papasa kifuniko cha honi na cha dashibodi kutafuta gundi au rangi tofauti. Tazama ubavuni mwa siti: kama kuna kitambulisho cha SRS, kuna mfuko humo, na yale makava tunayoshonesha yanauzuia. Kapeti la manyoya la dashibodi nalo liondoke, na manukato ya gundi, na kishikio cha simu kilichobandikwa juu ya kifuniko.

Mwisho kuna habari ya Takata, hasa kwa tunaoishi Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa. Kampuni hiyo ya Kijapani ilitengeneza vilipuzi vya eabegi kwa kutumia kemikali ya amonium nitrati, ambayo baada ya miaka ya joto na unyevunyevu huharibika, ikalipuka kwa nguvu mno na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watu wamekufa, mamilioni ya magari ya kampuni nyingi yakarudishwa kutengenezwa, na Takata ikaomba kufilisika mwaka 2017. Magari yetu mengi ni ya miaka ambayo vilipuzi hivyo vilitumika, na joto na unyevu tunao mwaka mzima. Chukua namba ya chesisi kwenye kadi. Tovuti za Kijapani za watengenezaji zina mahali pa kuingiza namba hiyo. Programu ya kutafsiri kwenye simu inatosha kukuonyesha kama gari liliitwa lirudishwe na kama lilishatengenezwa.

Wiki iliyopita nilimpeleka mama Korogwe. Nimemkalisha nyuma, nimemfunga mkanda, akalalamika, "Mwanangu, unanifunga kama mbuzi wa sikukuu." Tulipofika Chalinze nikatazama kwenye kioo: ameshauchomoa, ameukalia. Nikaegesha pembeni. Hatukuondoka mpaka alipousikia ule mlio wa kubana, kaa!, na yeye mwenyewe akaunyoosha vizuri juu ya kanga.